Chuma Kililala kwa Sahara Siku Tatu

Asubuhi moja ya zamu yangu nilikuwa nafukiza vibuyu vya maziwa. Ngamia wameshakamuliwa, chai iko jikoni, na mume wangu Dakane amekaa kwa mkeka anangoja kikombe. Mimi sijasoma, lakini siku za mume najua kuhesabu. Akiingia naweka kokwa tatu za tende kwa mkebe, siku ikiisha natoa moja. Tatu zangu hapa Kutulo, tatu za Sahara, mke mwenzangu, kule Banissa.

Sahara ni mdogo, meno meupe. Anaongea kama mtu ameficha yai mdomoni: "Abaayo, dada yangu, umeamkaje?" Namjibu vizuri, na moyoni namtafuna. Sisi tunaita hinaase. Wivu. Ukitaka kucheka cheka, hata mimi najicheka.

Dakane alikuwa anapelekea kambi za askari dizeli huko mpakani. Wakati huo watu wa bunduki walikuwa wanachoma malori ya mafuta, madereva wakakataa kazi. Basi tajiri wake, mtu wa Garissa, akanunua kifaru kidogo kizee, kile kinatembea kwa minyororo. Akakata kichwa na mzinga wake, akafunga tangi ya mafuta, akachomelea vyuma vinene pande zote. Barabara nzuri kitabebwa na trela, pale pabaya kitashuka kitembee chenyewe. Hakuna mtu alikuwa ameona kitu kama hiyo, ni kujaribu tu. Tajiri akapiga kifua na ile sauti yake ya ngamia dume: "Risasi itabiga hii chuma, itaona haya, itarudi."

Wakampa Dakane aendeshe.

Safari ya kwanza kilienda Banissa. Jirani yangu Hawa akaniletea video kwa simu. Sahara amekaa juu ya chuma, hina mpaka viwiko, wanawake wanapiga vigelegele. Hawa huongea kwa pua: "Mama Halima, mwenzako sasa ni jenerali."

Nilitazama video hiyo mpaka simu ya watu ikaisha chaji.

Zamu yangu ilipofika, Dakane alikuja juu ya lori la mbuzi, vumbi mpaka kwa kope. Sikumpa hata maji.

"Chuma kililala kwa Sahara siku tatu," nikamwambia. "Kwangu kitalala lini?"

"Mama Halima, hiyo si nyama ya kugawa. Kwa Sahara ukuta wa kambi uko mlangoni, askari wanakiona. Kwako ni uwanja tu."

"Mwenye wake wawili husawazisha. Ama unataka kufika Kiyama upande mmoja umelegea?"

Hapo nilijua nimempata. Dakane alikuwa mtu wa kuogopa hilo. Akininunulia shuka, anapima ya Sahara kwa mkono, zisipishane hata kidole. Siku mbili sikummiminia chai. Siku ya tatu akavaa viatu, akasema polepole kama kawaida yake, "Sawa. Safari ijayo."

Na kweli kilikuja. Ardhi ilitetemeka, kuku wakaruka ua. Kikasimama mlangoni kwangu, tangi imejaa. Nilipaka hina, nikaita wanawake wote wa Kutulo, nikapanda juu na miguu yangu hii mibovu. Nikamwambia Hawa apige video, amtumie Sahara.

Alituma.

Siku ya pili, baada ya sala ya alasiri, mbwa walinyamaza.

Kisha risasi. Upande wa kisima.

Dakane alinishika bega. "Peleka wanawake kwa laga."

"Na wewe?"

"Hii kitu ikilipuka hapa, nyumba zote zinaenda."

Alikimbia kwenye chuma. Mimi nilikimbia kwenye laga, ule mto mkavu, Hawa nyuma yangu.

Tulilala kwa mchanga. Nikasikia minyororo inasaga mawe, inaenda mbali na nyumba. Risasi zinagonga vyuma, ta, ta, ta. Zinarudi kweli. Tajiri hakudanganya.

Halafu mlio mmoja mkubwa, ule wa bomba la begani, la kurusha kombora.

Moshi.

Nyumba hata moja haikuungua. Watu wa Kutulo wanasema Dakane aliwaokoa, na mimi nakubali kwa kichwa. Nani alileta chuma mlangoni, hawaulizi.

Sahara alikuja na shuka jeupe la eda, tukakaa ndani pamoja, miezi minne na siku kumi, wajane wawili kwa mkeka mmoja. Nilingoja anitukane. Hakutukana. Jioni moja aliona mkebe wangu, akatikisa. Ndani zilikuwa kokwa mbili. Ya siku ile ya pili sikuwahi kuitoa, na ya tatu haikufika.

"Abaayo," akasema, na hiyo sauti ya yai ilikuwa imevunjika, "siku alikufa ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Basi hiyo moja ambayo haikufika, nipe mimi."

Mke anaweza kumpa mwenzake siku yake. Dini inaruhusu. Miaka imepita, Sahara bado anakaa na mimi, ananifulia, ananisaidia kusimama nikitaka kuswali. Nikiwa peke yangu naiga sauti ya Dakane, "Sawa. Safari ijayo," na Sahara huko nje anaacha kufagia, anasikiliza.

Kokwa sijampa.