Mgongo wa Arvo

Kabla mume wangu Arvo hajawa kiongozi wa wanamgambo, kila Jumamosi alikuwa akioga na jirani yetu Lauri, fundi cherehani, katika bafu letu la mvuke. Walisuguana migongo kama ndugu. Kiangazi cha 1930, Arvo na vijana wake wakamtia Lauri garini, eti ni mkomunisti. Wakampiga, wakamvunja mkono, wakamtupa msituni karibu na mpaka wa Urusi.

Lauri akarudi kwa miguu. Jumamosi iliyofuata Arvo, bila haya, akawasha moto wa bafu, akaenda kumwita.

"Jirani, mawe ya mvuke yamepata moto. Njoo tuoge, yaishe."

"Kaoge na bunduki yako!" mke wa Lauri akamjibu, akabamiza mlango.

Baadaye kundi la Arvo likapigwa marufuku, vijana wakatawanyika. Lauri akafa bila kukanyaga kwetu tena. Arvo sasa ni mzee, na kila Jumamosi huketi bafuni akiukodolea macho mlango. Mgongo namsugua mimi.

Jana akaguna, "Mama Helvi, Lauri alijua kusugua, bwana. Ule mkono wake wa kulia!"

"Ndio huohuo mliouvunja," nikamwambia.