Kidonge Kisicho na Ukakasi

Stamatia hakuwa msemaji, ila alikuwa na kanuni moja: akiulizwa jambo, hulijibu lote. Mwaka mmoja karani wa kiwanda cha mvinyo alimuuliza walipiga mizabibu yao dawa ya ukungu lini. Akasema siku nne kabla ya kuvuna. Malori yao mawili ya zabibu yakarudishwa kwa kuwa dawa ilikuwa bado mbichi, na mumewe Fotis hakumlaumu. "Si umeulizwa?" alisema tu, akawasha lori.

Sasa Fotis alikuwa na miaka sabini na sita na kumbukumbu ilikuwa ikimtoka kidogo kidogo. Ndipo watafiti walipofika mjini kwao Renmark kutafuta wazee wanaosahau. Walikuwa wakichukua makapi ya zabibu, yale maganda na mbegu ambayo zamani ng'ombe ndio waliomwagiwa, wakiyakausha na kutoa kiini chake, wapate unga wa kujaribu kama unaisaidia akili. Nusu ya wazee walipewa unga huo ndani ya vidonge, na nusu unga wa mchele. Mgonjwa na familia yake hawakutakiwa kujua anapewa upi; wakijua, mgonjwa huondolewa. Kila ambaye angemaliza mwaka angepewa unga wa kweli. Stamatia alitia saini.

Zilipobaki wiki saba mwaka uishe, Fotis alikiuma kidonge badala ya kukimeza. Walikuwa jikoni wanakunywa kahawa na Lazaros, mdogo wake Fotis. Fotis akausukuma unga kwa ulimi mpaka kwenye fizi, akatulia, kama alivyofanya kila Februari kwa miaka hamsini. Mkulima wa huko hutafuna ganda kabla ya kuvuna, na ukakasi ndio humwambia kama zabibu zimeiva.

"Hii si zabibu," alisema Fotis. "Haikamati ulimi hata kidogo. Nani kaniuzia mchele?"

Lazaros akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Jina langu kalisahau tangu Krismasi, lakini ulimi bado uko kazini!" Kisha akaona uso wa Stamatia. "Shemeji, usinitolee macho. Sisi hatujasikia kitu."

"Mimi nimesikia."

"Mgonjwa kabwabwaja tu."

"Kwenye ganda la zabibu Fotis hajakosea hata siku moja."

"Basi funga mdomo! Wiki saba tu, apate ule wa kweli. Au unataka nishani ya ukweli, uivae kwenye mazishi yake?"

Stamatia akafuta meza. Hakuna aliyekuwa amemuuliza, na aliomba asiulizwe.

Alhamisi Leanne, muuguzi wa watafiti, alimpima Fotis, akamtajia maneno kumi ayarudie. Akarudia mawili. Kisha akageukia karatasi yake.

"Haya, Mama Stamatia, swali la kila mwezi. Kuna chochote kilichowafanya mjue anameza nini?"

Fotis alikuwa akihangaika na kifungo cha shati, akikitia kwenye tundu lisilo lake. Stamatia alimtazama. Neno "hapana" lilikuwa tayari mdomoni, jepesi. Lakini kuna siku wazee wengine, asiowajua, wangeambiwa unga huu unafaa au haufai, na watakaowaambia wangekuwa wametegemea majibu kama lake. Akaeleza yote, kuanzia kidonge kilivyoumwa mpaka maneno ya Lazaros.

Leanne akaweka kalamu chini. "Ungesema hapana, nisingejua kamwe."

"Najua, mwanangu."

Akainuka, akamfungua mumewe kifungo, akakifunga upya.

Fotis aliondolewa siku hiyo hiyo. Lazaros hakukanyaga tena nyumbani kwao. Kama unga ungemsaidia kaka yake, hakuna ajuaye. Watafiti wenyewe walikuwa hawajajua. Fotis alikufa Agosti ya mwaka uliofuata bila kuupata, na miezi mitatu ya mwisho hakumjua mkewe.