Maziwa ya siku ya sita

Leo nimeombewa nikiwa mzima kabisa!

Mnajua nimejiwekea siku kumi za kupanda ngazi za mtaa wetu Kacyiru, mara saba kila asubuhi. Lazima sketi yangu ya mwaka 1992 initoshe kwenye harusi ya binti yangu.

Leo, siku ya sita, nahema hapo chini, jirani yangu Mama Solange akaja na jagi la maziwa.

"Pole dada, umekonda. Ni ugonjwa ama ni bwana?"

Sijajibu, kashafumba macho anasali!

Kwetu maziwa hayakataliwi. Nikanywa, nikasema amina, nikaongeza mara ya nane.

Hiyo nimempandisha na yeye.

Katikati ya ngazi akaanza kusali tena. Sasa anajiombea mwenyewe.

Kesho tuko wawili. Nani wa tatu?