Baba na Kiti cha Bwana Meneja

Ukinisikia nasema nilikuwa dereva wa treni, usinyanyuke kunipisha kiti. Treni yenyewe ilinifika kifuani, na reli zake zilikaribiana kiasi kwamba bata akisimama katikati hana pa kugeukia. Ilitoa udongo machimboni, ikaupandisha hadi kwenye tanuri la kiwanda cha matofali, ikarudi tupu. Basi. Hiyo ndiyo safari niliyosafiri maisha yangu yote, na bado nilivaa kofia.

Injini tuliiita Subira. Wahenga walisema subira huvuta heri. Yetu ilivuta udongo, tena kwa manung'uniko. Nilipokuwa namchumbia mama watoto nilimwambia mimi ni mtu wa treni, akaingia kichwa kichwa. Siku nilipompeleka kuiona, aliitazama, akachungulia nyuma yangu, akauliza, "Haya, hii nimeiona. Ile kubwa iko wapi?" Mpaka leo nikijidai nyumbani, ananiuliza ile kubwa iko wapi.

Reli ililetwa na mkoloni, lakini walioilaza ni baba yangu na wenzake, wakibeba vyuma mabegani. Injini haikuwapo bado; injini walikuwa wao. Meneja Mzungu alikuwa na kitoroli chake chenye kiti cha mbao. Alikaa juu na mwavuli wake, na vijana wakamsukuma mbio hadi tanurini. Baba alikuwa mmoja wa hao vijana. Mfanyakazi kupanda ilikuwa marufuku. Meneja alipofungasha na bendera yake akaenda zake, kitoroli kikabaki bandani, na watu wakaanza kudandia mabehewa kwa raha zao. Baba hakudandia. Alikwenda kazini kwa miguu, kando ya reli, mpaka akastaafu mgongo umepinda. Ukimwambia apande, jibu lake lilikuwa lilelile: "Siku nikitaka nitapanda."

Halafu yakaja malori. Tukaambiwa udongo sasa utabebwa barabarani, na reli itang'olewa ikauzwe chuma chakavu. Siku moja kabla ya wang'oaji kuanza ndiyo ilikuwa siku yangu ya mwisho kwenye injini. Jioni ya kuamkia siku hiyo, baba, ambaye sasa alitembelea mkongojo, akaweka kikombe chini, akasema bila kunitazama, "Kesho nipitie. Nataka kupanda."

Mama watoto akanikanyaga mguu nisije nikalia. Ilikuwa ni kesho au basi tena.

Hapo ndipo kiherehere changu kilipoamka. Njiani kulikuwa na kona moja ambayo magurudumu yakiipita hupiga kelele kama mbuzi anayechinjwa. Nikaona haifai mzee wangu apigiwe kelele siku yake. Asubuhi na mapema nikaenda na kopo la grisi nikaipaka ile kona, nikarudia, nikapaka kama mama anayempeleka mtoto kliniki. Nikaosha injini ikang'aa. Nikakitoa kile kitoroli bandani, nikakifuta vumbi, nikakifunga mbele ya injini ili baba asivute moshi. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa usafi, lile sanduku la mchanga, mchanga tunaoumwagia reli ili magurudumu yashike kwenye mlima, nikalimwaga lote. Mchanga si uchafu tu?

Baba alikuja amevaa shati jeupe. Nikamketisha kwenye kiti, mkongojo mapajani. Wachimbaji wakaacha majembe, wakaja kutazama, kisha wakatufuata kwa miguu pamoja na mama watoto na fundi wa reli. Nikapiga honi. Tukaipita kona kimya kabisa, na baba akageuka, akanitikisia kichwa kwamba ameridhika. Jamani, nilivimba!

Tukafika mlimani. Magurudumu yaliyojaa grisi yakazunguka palepale, kwa kasi ambayo Subira haikupata kuijua tangu izaliwe, na hatukusogea hata unyayo. Kisha tukaanza kurudi nyuma. Nikavuta breki, tukasimama kwa taabu. Nikakimbilia mchanga, nikaukumbuka usafi wangu. Mtu akatupia udongo wa kando, na udongo wa pale ni mfinyanzi. Ukichanganyika na grisi unateleza kuliko sabuni.

"Sasa nifanyeje?" nikamuuliza fundi wa reli.

"Kaka, ungeiacha tu kona ilie," akajibu.

Watu walikufa kwa kicheko. Kuchekwa nimezoea, hakuniui. Kilichoniua ni baba. Alikuwa ameshashuka. Mkono mmoja ameshika mkongojo, mwingine ameuweka kwenye ubao wa nyuma wa kitoroli, palepale alipouweka ujanani, anajiandaa kusukuma. Vicheko vikakatika. Roho iliniuma nisiseme. Siku moja tu niliyotaka kumbeba, nimemrudishia kazi yake ya zamani!

"Baba, tafadhali, rudi ukae."

"Nikae, asukume nani?"

Fundi akakifungua kitoroli kutoka kwenye injini, akaushika ule ubao. Mchimbaji mmoja akaja, na mwingine, hata dereva wa lori lililokuwa likipita barabarani, adui yangu, akashuka akaja. Nikamnyanyua baba nikamrudisha kitini, nikavua kofia, nikainama nyuma yake na wenzangu. Mama watoto akakimbia akampa baba mwavuli aliojikinga nao jua.

"Mume wangu," akaniambia akinipita, "leo nimeiona ile kubwa."

Tukasukuma. Baba alijikalia chini ya mwavuli mlima mzima. Mimi sikumwona uso, niliuona mgongo wake tu, ule uliopinda, nao ulikuwa unatikisika. Nikajua analia, na mimi nikalia hukohuko nyuma, jasho likinisaidia kuficha.

Tulipofika tanurini nikazunguka mbele nimpe pole. Kumbe alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, mkono unapapasa kile kiti.

"Kigumu hiki!" akasema. "Miaka yote ile nilidhani mwenzetu anakaa raha."

Nikamnyooshea mkono ashuke. Akaupiga kwa mkongojo.

"Nishuke niende wapi? Geuzeni. Yule alikuwa anakwenda na kurudi."