Posa ya Mtu Aliyeanguka na Ndege

Josias anatengeneza simu katika mtaa wa Overport, na katika kanisa la Wakongo anajulikana kwa ushuhuda mmoja. Kila Januari husimama na kusimulia jinsi ndege yao ya serikali ilivyotunguliwa na waasi miaka ile ya vita vya Kongo, wenzake watatu wakafa, na wapiganaji wa msituni waliokuwa wakipambana na waasi hao wakamficha siku kumi na tisa kijijini Nakishenge. Walimpikia nje, husema, mbele za watu, kama mfalme. Kina mama hulia. Kuhusu ndege yenyewe husema ilikuwa ya mizigo, na hapo hasemi uongo. Mabomu nayo ni mizigo.

Hayo yangemtosha mpaka kaburini kama asingempenda Julienne, mjane wa miaka arobaini na mitano, msusi wa mtaa wa Isipingo mwenye mikono myepesi na ulimi mkali. Jumamosi moja akaenda kuposa.

Kwa desturi yao mposaji hafungui mdomo. Huinamisha kichwa, msemaji wake akamsifu. Msemaji alikuwa Jules, Mrundi muuza viatu, mwenye maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Mbele yao, kati ya wazee wa ukoo, alikaa Pascal, kaka mkubwa wa Julienne, aliyefika asubuhi hiyo kwa basi kutoka Johannesburg. Josias alikuwa hajawahi kumwona.

"Wazee, hatukuleta mutu wa kuokota njiani," Jules alianza. "Huyu alianguka na avion! Wapiganaji wa Nakishenge wakamuficha."

"Wa wapi?" Pascal aliuliza, akikunja uso.

Josias alimkanyaga Jules mguu. Jules, akidhani anatiwa moyo, alipaza sauti. "Nakishenge, papa! Wakamupikia inje, kwa heshima!"

"Ni koko yetu alimupikia," Pascal alisema. "Mama ya mama. Alipika inje sababu jiko yake haikukuwa tena na paa. Bomu ya avion iliipeleka." Akamgeukia Josias. "Sasa sema mwenyewe. Ile avion ilibeba nini?"

"Eish," Jules alinong'ona.

Josias angeweza kusema mchele. Lakini nyuma ya pazia Julienne alikuwa akisikiliza.

"Mabomu," alisema. "Ya kuangusha juu ya waasi. Hatukukuwa na mashine ya kulenga. Nilikuwa nafungua mulango ya nyuma, nasukuma na miguu."

Pascal akatoa simu, akapiga, akaiweka mezani. "Mwambie yeye. Akikukataa, na sisi tumekukataa."

Sauti ya bibi wa miaka tisini na kitu ikajaa chumbani.

"Koko, ni Josias. Wa ile ndege. Jiko yako... ni miye."

"Nilijua," alisema bibi. "Kila nikikupa sahani, ulikuwa unaangalia chini. Mutu mwenye hana kosa angeuliza paa iko wapi. Hata kamanda alijua. Akasema tukuchunge muzuri: ukikufa, watatuma mwingine, na huyo hatakosa nyumba."

Hata wazee walicheka. Josias hakucheka.

"Pardon, koko."

"Miaka ishirini na saba nangojea hiyo neno. Umeoa?"

"Bado."

"Na uzee huo! Nani anakuzuia?"

Watu wote wakamgeukia Pascal. Aliinua macho akalitazama paa, kama anayelikagua.

"Hakuna mutu, koko," akasema.