Betri ya Mtu wa Chimala

Ulikuwa mwaka ule harusi zilipopikiwa makande. Wa huku kwetu mnaukumbuka. Mchele wa Usangu ulipanda bei mpaka watu wenye heshima zao wakawapa wageni mahindi na maharage kwenye sahani za kukodi, na mpishi akijitahidi sana anatupia karoti juu. Nautaja mwaka kwa chakula kwa sababu tarehe sikuzishika. Ila nilichoona nilikiona, tena jua likiwaka. Sikuwa na homa, sikuwa nimesinzia, na pombe ya ulanzi sijaionja tangu nimzike mume wangu. Niliishia darasa la tatu, lakini macho ninayo. Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, kisha anisikilize.

Mimi ni Mhehe wa Kihesa, Iringa. Niliolewa na Mnyakyusa, nikahamia Iyunga hapa Mbeya, na hapa ndipo nilipozeekea. Mjukuu wangu Atupele nilimlea mwenyewe, maana mama yake, binti yangu, alifariki mtoto akiwa bado ananyonya. Nilimkorogea uji wa ulezi mpaka akasimama. Alipokua akawa mpiga picha wa harusi na vipaimara, na nitasema bila kuona haya kwamba hapakuwa na mpiga picha kama yeye kuanzia Uyole mpaka Mbalizi. Mtu mbaya akipigwa picha na Atupele anatoka mzuri. Mimi mwenyewe nina meno manne ya mbele hayapo, lakini kwenye picha zake nimefunga mdomo kama mke wa mkuu wa mkoa.

Shida yake ilikuwa betri. Ile iliyokuja na kamera ilichoka, ikaanza kuvimba kama andazi. Siku moja kwenye harusi ilizimika pale mama wa bibi harusi akiwa ndiyo kwanza anamvika mwanawe khanga, na wenye shughuli wakamtukana mjukuu wangu mbele za watu. Alirudi nyumbani hakula.

Basi ikawa kila jioni ni habari ya betri. Anunue ya kampuni iliyotengeneza kamera, au hizi za kampuni nyingine zinazouzwa rahisi? Nilimwambia anieleze nami nijue, nisikae kama gogo. Akasema ya kampuni inaongea na kamera. Kamera ikiiuliza imebakiwa na nguvu kiasi gani, inajibu kweli. Za pembeni, nyingine nazo zinajibu vizuri tu, nyingine zinadanganya, na nyingine zinanyamaza halafu zinakufa ghafla.

"Umemaliza kunisimulia ukoo wa babu yako," nikamwambia, akacheka mpaka akakaa chini.

Akaamua kuchukua zote mbili. Ya kampuni aliagiza Dar es Salaam. Ya pembeni alinunua mjini Mbeya, kwenye duka la mtu tunayemjua, mtu mwenye mlango na kaunta. Ile ya pembeni ilikuwa nzuri, sitaisema vibaya. Ila kwa harusi ya siku nzima betri moja haitoshi, ile iliyovimba ilishatupwa, na ya Dar ilikuwa haijafika ilipofika safari ya Kihesa.

Harusi ya Kihesa ilikuwa yetu. Kaka yangu alikuwa anamwoza mjukuu wake, na mimi ndiye mkubwa wa ukoo niliyebaki mwenye sauti, kwa hiyo kazi ya kutambulisha ndugu ilikuwa yangu. Atupele alikuwa mpiga picha. Tukapanda basi pamoja.

Pale Chimala basi likasimama watu wanunue vyakula. Mnajua joto la Chimala, lile la bondeni, shingo inalowa umekaa tu. Wauzaji wakaja dirishani na ndizi, karanga na maji. Nyuma yao akaja mwanamume amevaa koti la baridi lililofungwa vifungo mpaka kooni. Hana jasho. Hana beseni, hana boksi. Ana kitu kimoja kwenye kiganja, cheusi, kidogo, hakina maandishi. Ni betri.

Hapo nikuulize wewe unayesoma. Alijuaje? Kamera ilikuwa ndani ya begi, begi lilikuwa miguuni pangu, nimelifunika na mtandio.

Atupele akaichukua, akaigeuzageuza, akaijaribu. Ikaingia kama iliyozaliwa humo. Akamuuliza ni ya kampuni au ya pembeni. Yule mtu akajibu, "Ni yangu." Akaulizwa bei. Akasema hauzi.

"Unipe nafasi kwenye picha tu, dada."

Atupele akacheka, akadhani ni utani wa stendi, akasema haya, nafasi umepata. Mimi nikamwambia amrudishie, mtu asiyetaka hela anataka nini? Akanyoosha mkono dirishani kumrudishia. Basi likaondoka. Nilitazama nyuma nimwone, nikawaona wauza ndizi, yeye sikumwona. Na sura yake nilikuwa nimeshaisahau. Niamini, ni sura ambayo ukigeuza kichwa inatoka.

Harusini ile betri ya dukani ilifanya kazi kanisani mpaka ikaisha salama. Ukumbini Atupele akaweka ile ya Chimala. Ndipo nikaliona lile koti. Limekaa meza ya nyuma, linakula makande.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo tulipokosea wote. Kwenye harusi zetu mtu usiyemjua unadhani ni wa upande wa pili. Ndugu zangu walimwona wakasema huyo ni wa kwa bwana harusi. Wa kwa bwana harusi wakasema huyo ni wa kwa bibi. Kumuuliza mgeni wewe ni nani mbele ya sahani yake ni kumtukana, hakuna aliyethubutu. Mkwe wetu mmoja hata alimwongeza nyama. Baadaye akaniambia mgeni yule alimsalimia Kamwene safi kabisa, ya Kihehe cha zamani, akajua ni wa kwetu.

Zamu yangu ikafika, MC akanipa kipaza sauti. Nikawaita ndugu wa baba, wakasimama mstari. Nikawaita ndugu wa mama. Ninamtaja mmoja mmoja, huyu ni fulani mtoto wa fulani, watu wanapiga makofi, Atupele anapiga picha. Nikafika mwisho wa mstari. Mwisho wa mstari kuna koti.

"Kamwene, bibi," akasema. "Nitambulishe."

Ukumbi mzima ulikuwa unanitazama. Nilihisi baridi inatoka kwenye lile koti kama mlango wa nyumba iliyohamwa. Nikamwambia, na kipaza sauti kilikuwa mdomoni, wote wakasikia, "Sikujui, hukuzaliwa kwetu, sikutambulishi."

Watu wakaguna. Kaka yangu akashika kichwa. Aibu gani hiyo, mgeni amekula, amesimama, unamkana kama mwizi? Na Atupele wangu mwenye huruma, aliyetukanwa mbele za watu akajua linavyouma, akashusha kamera, akaja, akakichukua kipaza sauti mkononi mwangu.

"Msamehe bibi, amechoka," akasema. "Huyu naye ni wa kwetu."

Watu wakapiga makofi.

Tulirudi Iyunga. Akawa anachambua picha awape wenye harusi, akaniita kwa sauti ndogo. Picha ya ukoo. Yule mtu yuko mwisho wa mstari, sawa, hilo nililitegemea. Pembeni yake amesimama Atupele, na gauni lake lile lile la siku ile.

"Bibi, hii nimeipiga mimi," akasema. "Mimi nilikuwa huku."

Nikamwambia atoe hiyo betri aitupe chooni. Hakutupa. Mnajua kwa nini? Kwa sababu haikuwa inaisha. Alipiga harusi nzima, kipaimara, mahafali, na alama ya nguvu ilibaki imejaa vile vile. Alisema haijawahi kumwangusha mbele za watu. Mtu aliyeangushwa mara moja anashikilia sana kisichomwangusha.

Kila picha wakawemo wawili. Mwanzo wako nyuma, wadogo, halafu kila kazi wanasogea. Wateja wakagomba, mbona unajiweka kwenye picha zetu na bwana wako? Wakadhani ni michezo ya kompyuta. Kazi zikakatika. Na kadiri alivyozidi kuonekana kwenye picha, nyumbani alikuwa anapungua. Si kukonda, hapana. Jirani anapita anaingia kwangu, ananisalimia mimi, yeye amekaa pale pale hasalimiwi. Nikimwambia jirani msalimie Atupele, anashtuka, lo, sikukuona mwenzangu. Mwishowe hata mimi, nisamehewe, nilipakua chakula cha mtu mmoja.

Ile Jumapili tumetoka kanisani, mimi nimekaa uani kwenye kiti napembua maharage. Jua la mchana. Akatoka na kamera.

"Bibi, nikupige picha. Nyumbani sijawahi kukupiga."

Nikafunga mdomo kama kawaida yangu. Nikamwona anainua kamera. Nikasikia ile kamera inalia. Nikasema haya, nioneshe. Hayupo. Kamera ilikuwa juu ya kigoda, imenielekea. Nyuma yake kulikuwa na ukuta na kamba ya nguo. Mlango wa geti ulikuwa umefungwa kwa ndani, na kitasa chake kinapiga kelele kama mbuzi. Hakikulia.

Nilimwita mpaka majirani wakaja. Tulimtafuta, tuliripoti polisi, kanisa lilisali. Wengine walisema amekwenda na bwana. Na kwenye kile kioo cha kamera nipo mimi na ungo wa maharage. Nyuma yangu yupo yeye, ameinua mkono, kiganja kinanitazama. Yule mtu yupo karibu naye, na vidole vyake vimeshika mgongo wa kiti changu.

Baadaye ndipo betri ya Dar ikafika, ndani ya boksi lake, na karatasi zake zote. Nikamwomba mwenye duka wa mjini aiweke kwenye kamera. Akaweka. Picha ikawa mimi na maharage, peke yetu. Akajaribu na ile ya pembeni aliyotuuzia yeye. Mimi na maharage. Ya kampuni na ya pembeni zilisema kitu kimoja, kwamba Atupele hayumo. Akarudisha ile ya Chimala, akatazama, akaiweka kamera chini, akaniomba nitoke dukani kwake.

Basi huo ndio uchaguzi niliobaki nao mimi mzee. Nikiweka betri ya kweli, napata picha safi isiyo na mtoto wangu. Nikiweka ya yule, namwona, na yule naye namwona. Naweka ya yule. Kila siku naweka ya yule. Ule mkono nimeutazama mpaka macho yakauma. Ananikataza, au ananiaga? Uso wake haunisaidii. Alikuwa mtoto anayecheka hovyo, na kwenye picha hacheki.

Na jioni, nikifungia kuku, ukungu ukishuka, yule mtu huwa anakuja ukingoni mwa uzio. Koti limefungwa mpaka kooni. Hapigi kelele. Anasema nimtambulishe mbele za ndugu zangu, niseme tu huyu ni wa kwetu, naye atamwacha Atupele arudi. Kaka yangu amepiga simu analia, anasema dada, ni maneno tu, yaseme mtoto arudi. Ndugu hawaji tena kwangu. Wanasema nimemuuza mjukuu kwa kiburi.

Si kiburi. Atupele alimtambulisha kwa huruma, yule mtu akamchukua yeye peke yake. Mimi nikimtambulisha, mkubwa wa ukoo, nimempa mstari mzima uliosimama siku ile, na watoto waliokuwa migongoni. Hilo nalijua kama ninavyojua njia ya kisimani kwetu. Kulijua hakunipi usingizi. Napakua sahani mbili kila usiku, na asubuhi nakuta moja bado imejaa.

Wewe unayesoma, kama una kamera, nunua betri ya kampuni ukiweza, na usipoweza nunua ya pembeni, zote zina mwenyewe na zote zitakufa siku moja kama kitu cha haki. Nunua kwa mtu mwenye mlango, utakayemrudia umgombeze. Asiyetaka hela usipokee chake, hata basi likiwa linaondoka, kitupe dirishani. Na kwenye harusi yenu mkimwona mtu hamumjui anakula, muulizeni. Aone haya yeye, msione nyinyi.

Jioni hii tena amekuja. Kuku wameingia, kamera iko mapajani, Atupele ameinua mkono. Yule akasema, bibi, mtoto anasikia baridi huku. Nililia mbele yake, sikuficha. Kisha nikamjibu kama nilivyomjibu Kihesa:

"Sikujui, hukuzaliwa kwetu, sikutambulishi."