Taa ya Njano ya Gari la Shamsi

Gari la marehemu Shamsi lilirudi gerejini kwa Nurudini mwezi wa saba, asubuhi ya baridi ile ya Kasulu ambayo watu huzungumza mikono ikiwa kwapani. Nurudini aliutambua mlio wake kabla hajaliona. Lilikuwa gari la michezo la milango miwili, jekundu, lenye umri wa miaka ishirini na ushei, na mji mzima halikuwa na mwenzake.

Aliyeliendesha kutoka Kibondo ni Hilali. Kando yake alikaa dada yake, Zuleha, mjane wa Shamsi. Hilali alishuka akijikanda paji la uso.

"Fundi, shikamoo. Taa ya injini inawaka, haizimiki. Na gari lenyewe linaumiza kichwa kama lina jini."

"Marahaba. Kichwa kinakuuma wewe au kinaliuma gari?" Nurudini alitania.

Zuleha hakucheka. "Kila anayekaa humo kinamuuma, shemeji. Kule nyumbani wanasema ni marehemu hataki tulitumie. Mimi nataka tu liuzike, liondoke machoni pangu."

Nurudini alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Babu yake alipanda milima ya Kasulu akitokea Ujiji na mzigo wa chumvi na nguo, akaoa mwanamke wa Kiha, akabaki. Yeye alijifunza umeme wa magari kwa mjomba wake, na alikuwa wa kwanza mtaani kumiliki mashine ya kupimia, ile inayochomekwa chini ya usukani ikasoma gari linaumwa nini. Sifa yake ilikuwa wepesi. Madereva walisema, "Nenda kwa Nurudini, yule hakulazi." Naye aliipenda sifa hiyo kuliko alivyokubali kuipenda.

Alichomeka mashine. Namba ya hitilafu ilipotokea kwenye kioo, aliisoma mara mbili. Mchanganyiko mkavu: hewa nyingi, mafuta machache. Aliwahi kuiona namba hiyo hiyo, kwenye gari hilo hilo.

"Liacheni lilale hapa," alisema. "Injini ya moto huficha mambo. Kesho ikiwa baridi nitalisikiliza."

Hilali alishangaa, maana hakutegemea gari kulazwa. Lakini walikuwa na shangazi yao mtaa wa Murubona, wakaenda kwake.

Shamsi alikufa mwaka uliotangulia, mwezi wa tatu, ndani ya gari hilo. Alikuwa na duka la vitenge na mashuka Kasulu, na jingine Kibondo ambalo Zuleha ndiye alilisimamia, kwa hiyo kila wiki alikuwa barabarani. Siku hiyo alikula Kibondo kwa mkewe, ugali wa muhogo na migebuka, akaondoka adhuhuri kurudi Kasulu. Alipopita kijiji cha Makere mvua ikamwagika hadi barabara ikapotea. Akaegesha pembeni kuisubiri, vioo juu, injini ikiunguruma, hewa ya moto ikipuliza vioo visishike ukungu. Jioni waendesha bodaboda walimkuta amelalia usukani kama aliyesinzia. Hakuwa na jeraha wala povu mdomoni. Akazikwa kesho yake asubuhi, bila mtu kutaka apasuliwe kuchunguzwa.

Ndipo mama yake, Bi Kudra, alipouliza swali moja mbele ya wafiwa: "Alikula wapi mara ya mwisho?"

Hakuhitaji kuongeza. Zuleha alikuwa mtu wa Mabamba, mpakani, na watu walishayasema ya mpakani, ya sumu na uchawi, tangu siku ya ndoa. Eda ilipokwisha, binti yake Firdausi, wa miaka sita, alibaki Kasulu kwa bibi yake. Maduka yakachukuliwa na ndugu za marehemu. Mjane akapewa gari, kwa sababu hakuna aliyetaka kuligusa.

Nurudini aliyasikia hayo yote barazani na msikitini, na hakusema neno. Hakuwa na la kusema, au ndivyo alivyodhani.

Usiku huo hakula vizuri. Kilichomrudia si namba ile tu. Ni kauli ya Zuleha: kila anayekaa humo kinamuuma.

Alfajiri, baada ya swala, alifungua gereji peke yake. Aliinua boneti, akawasha gari, akainamisha sikio. Tik-tik-tik. Mlio mdogo, mkavu, kama mtu anayegonga kucha juu ya bati. Aliuhesabia dakika. Injini ilipopata moto chuma kikatanuka, na mlio ukafifia, ukaisha kabisa. Mtu asiyekuja mapema asingeusikia.

Alizima, akangoja chuma kipoe tena. Akachukua kopo, akawasha ndani yake kitambaa chenye oili, akaunganisha na pampu ya upepo na kusukuma moshi kwenye bomba la ekzosi kutokea nyuma. Kisha akarudi mbele kutazama. Moshi ulijitokeza chini ya bati la kuzuia joto, pale mabomba ya injini yanapokutana kuwa bomba moja. Alilifungua bati. Chuma kilikuwa na ufa mrefu kama kidole, na masizi meusi yameuzunguka.

Hapo taa ikaeleweka. Ufa ule ulivuta hewa ya nje, kihisi kilicho kwenye bomba kikadanganyika kwamba injini ina njaa ya mafuta, na kompyuta ya gari ikazidi kumimina petroli. Moshi ukazidi kuwa na sumu, na sehemu yake ikatokea hapo hapo, mbele ya miguu ya dereva, kwani joto lilibana ufa na kunyamazisha mlio, lakini halikuuziba.

Lakini kati ya injini na dereva kuna ukuta wa chuma. Nurudini aliufuata moshi kwa macho. Ulipanda taratibu, ukagawanyika, na mkondo mmoja mwembamba ukazama kwenye tundu ambalo fundi wa redio, huko lilikotoka kabla ya Shamsi kulinunua, alipitishia waya bila kuweka mpira wa kuziba.

"Fundi, gari linaungua!"

Alikuwa Zuleha, amesimama kwenye mlango wa gereji na khanga mabegani. Kupitia kioo alikuwa anatazama ndani ya gari, ambako moshi ulitoka chini ya dashibodi na kujaa polepole juu ya kiti cha dereva.

"Haliungui," alisema Nurudini. Alizima pampu. "Kaa, shemeji."

Alimweleza. Alieleza kama fundi, ufa, tundu, mvua, vioo vilivyofungwa, kwa kuwa hakujua namna nyingine. Moshi wa ekzosi una harufu, alisema, lakini sumu iliyo ndani yake haina. Mtu hujiona mchovu, kichwa kinamgonga, anajiegemeza kidogo. Nyinyi jana mmepona kwa sababu mlikuwa mwendoni na kioo cha upande wa Hilali siku hizi hakifungi vizuri.

Zuleha alisikiliza hadi mwisho. "Aliteseka?"

"Hapana. Ni usingizi tu."

"Kwa hiyo si chakula changu."

"Si chakula chako."

Alijifunika uso kwa khanga, na mabega yake yakatikisika bila sauti. Nurudini angeweza kuishia hapo. Alijua kabisa kwamba angeweza. Zuleha ndiye aliyeinua uso na kuuliza, "Taa hii siku ile haikuwaka? Shamsi hakuwa mtu wa kupuuza taa."

"Iliwaka siku tisa kabla. Akaja kwangu." Nurudini alitazama mikono yake. "Alikuwa na haraka, nami nikamwonyesha wepesi wangu. Nilisoma namba, nikaifuta kwa mashine, taa ikazimika. Nikamwambia, endesha tu, ikirudi uje. Hata boneti sikufungua."

Zuleha hakumtukana. Ingekuwa afadhali. Alijifunga khanga upya, akasema, "Utakuja kuyasema hayo kwa mama mkwe. Kwa mdomo wako."

Walikwenda saa kumi jioni. Bi Kudra alikuwa amekaa mkekani anachambua mchele. Alimwitikia Nurudini salamu, ya Zuleha akaiacha ipite. Nurudini alisema yote, na la taa hakulificha. Ungo ukatulia magotini mwa mama yule.

"Rudia," alisema.

Akarudia.

"Mwaka mzima tumekuwa tukisalimiana kwenye misiba ya watu," alisema Bi Kudra, sauti yake chini sana. "Umekula pilau ya hitma ya mwanangu, Nurudini."

"Sikujua, mama."

"Hukutaka kujua. Na mimi pia." Hakumtazama Zuleha alipolisema hilo la mwisho. Alifuta macho kwa kiganja chenye vumbi la mchele, kisha akaita kuelekea ndani, "Firdausi! Njoo, mama yako yupo hapa."

Hakuomba msamaha siku ile, wala baadaye hakuomba. Nurudini naye hakuambiwa amesamehewa. Gari lilikatwakatwa mwezi uliofuata na wanunuzi wa vyuma chakavu, na tangu hapo dereva akimwambia, "Nifutie taa tu, fundi, nina safari," humjibu kwamba gari litalala. Wengi huwasha na kwenda kwa fundi mwingine.

Lakini jioni ile, uani kwa Bi Kudra, mtoto alitoka akiwa amevaa gauni la shule. Zuleha alishapiga magoti, mikono imefunguka. Firdausi alisimama hatua tatu mbali naye, akamtazama kwanza bibi yake, kisha akainamisha kichwa kwa adabu, kama mtoto aliyefunzwa kupokea wageni.

"Shikamoo," alisema.